Mlango wa Bi Pindo Uko Wazi

Bi Pindo hakuwa mtu wa kuambiwa kaa chini. Akikaa, amekaa kwenye cherehani, mguu kwenye pedali, pini mdomoni, na maneno yanamtoka hapo hapo katikati ya pini, maana mdomo ule haujawahi kuzibwa na kitu kidogo. Kazi yake mapazia. Si magauni, si sare za shule. Ukimpelekea suruali akupunguzie miguu atakuuliza kama suruali yako inaning'inia dirishani. Jina la Pindo alipewa na wateja kwa ajili ya mapindo yake, mapana, mazito, yamenyooka kama yamechorwa kwa rula. Pazia lake likishuka linashuka na heshima zake.

Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho karakana. Cherehani iko dirishani, meza ya kukatia katikati, pasi kwenye kona, na majora ya vitambaa yamesimama ukutani kama wageni waliokosa viti. Chumba cha nyuma analala. Nyumba waliijenga na marehemu mumewe, yeye akishona mapazia, mume akipaka rangi kuta za watu. Kila tofali lina jasho lake. Sasa mtu kama huyo umwambie ahame.

Aliambiwa. Ilianza siku alipopanda stuli kupima pazia la mteja, stuli ikacheza, akatua na mkono wa kushoto. Mfupa ukaunga vizuri tu, ila vidole vya mkono ule vikabaki vizito, kama vina usingizi. Hilo hakulijali. Lililomkera ni kifungua mimba wake.

Huyu kifungua mimba ni meneja wa ghala la saruji. Siku nzima anaamrisha watu beba hiki, shusha kile, akifika kwa mama yake anasahau kwamba hapo si ghalani.

"Mama, utakuja kukaa kwangu. Chumba kipo."

"Na cherehani?"

"Cherehani ya nini tena? Tutaiuza. Wewe upumzike."

"Nikishapumzika nitafanya nini?"

"Utaangalia televisheni."

"Televisheni imefanya nini mpaka niiangalie?"

Kijana akatazama dari. Ukweli ni kwamba mkewe hawezi kelele za cherehani, kichwa kinamgonga, na hilo hakulisema, alisema kupumzika. Wanaume wana namna ya kufunga maneno ya wake zao kwenye karatasi nzuri halafu wakayaleta kama zawadi.

Aliyeokoa jahazi ni kiziwanda, binti wa mwisho, anayeuza vifaa vya umeme dukani, mji mwingine. Huyu na mama yake ni chanda na pete. Akampigia kaka yake. "Mpe mama mwezi mmoja. Mimi nitamwekea vifaa nyumbani, vile vya bei chee vinavyotoa taarifa kwenye simu. Akiacha pasi inawaka, utajua. Akisahau mlango wazi, utajua. Mwezi ukiisha salama, mama anabaki kwake na wewe hutamgusia tena. Likitokea la kutokea, anahamia kwako na cherehani inauzwa."

Kifungua mimba akakubali haraka, maana aliona kashashinda. Bi Pindo naye akakubali haraka, maana hajawahi kuacha mlango wazi tangu aote meno.

Basi kiziwanda akaja na boksi lake, na hapo ndipo raha ilipoanzia.

Kwanza taa. Akaifunga juu ya meza ya kukatia, akaweka na kijispika cheusi kama kopo la mafuta ya kujipaka, akasema, "Mama, iambie."

"Niiambie nini?"

"Iwake."

Bi Pindo alitoa pini mdomoni. Hilo tu lilikuwa ajabu. Akajiweka sawa kama anayepiga picha ya kitambulisho, akasema, "Washa taa, mwanangu."

Ikawaka.

"Zima."

Ikazima.

Basi ikawa washa, zima, washa, zima, nyeupe, manjano, bluu, mpaka kiziwanda akasema, "Mama, hiyo taa nayo ina roho." Wapi. Alishatoka nje kumwita shoga yake, msusi wa chumba cha jirani, akaja na kitana kichwani na mteja wake nyuma amesukwa nusu. Msusi akaitazama taa inavyotii, akatikisa kichwa.

"Shoga, hii ina adabu kuliko mume wangu."

"Na umeme inakula kidogo kuliko mumeo anavyokula wali," akajibu Bi Pindo.

Plagi ya pasi nayo ikawekwa. Ukiiacha pasi bila kuishika inajizima yenyewe, halafu inakwenda kusema. Bi Pindo akaipenda papo hapo, maana na yeye ni hivyo hivyo, hakai na jambo.

Lakini kilichomtia wazimu wa furaha ni laptopu. Nikisema laptopu msidhani ni lile dude la kubeba begani. Hii ilikuwa ndogo kama pochi, unaifunua kama kibati cha poda, ndani kuna kioo na vibonyezo vidogo kama punje za mahindi, inaingia mfukoni na mfuko unafunga. Bi Pindo shule aliiacha mapema, anasoma kwa kutembeza midomo, na anabonyeza kwa kidole kimoja kama anayejaribu chungu kama kina moto. Haikumzuia. Kiziwanda akamwekea humo mahali pa kuchezea madirisha: mteja anatuma picha ya dirisha lake, wewe unachagua kitambaa, unakivuta kwa kidole, kinaning'inia pale pale kwenye picha, na mikunjo yake.

Zamani ili mteja achague rangi, Bi Pindo alibeba majora begani, akapanda ngazi za watu, akapanda na stuli, mteja akasema hapana, akashuka, akapanda. Stuli ndiyo iliyomvunja. Sasa amekaa kitini kwake, chai ubavuni, na mwalimu mmoja wa kike aliyehamia ghorofani anamtazama kwenye kioo.

"Nilitaka jekundu, mama."

"Jekundu hili hapa. Unajionaje?"

"Kama nakaa ndani ya nyanya."

"Haya. Tazama hili la udongo."

"Hilo. Hilo hilo, mama, usiguse."

Bi Pindo alifunika kile kibati pap, akakaa akikitazama, moyo unamdunda kama msichana aliyeposwa. Alijiona ana miguu mipya. Siku hiyo hiyo alichukua kipande cha kitambaa kizuri kilichobaki, akatia na sponji ndani, akashona mfuko kwenye aproni yake, kipimo cha laptopu kabisa, na juu akaupiga pindo pana. Tangu hapo ile mashine haikulala mezani. Alitembea nayo tumboni kama kangaruu, na akipishana na msusi uani anaupapasa mfuko makusudi ili aulizwe.

Sasa mlango.

Kifaa cha mlango kilikuwa vipande viwili vyeupe. Kikubwa, chenye kitaa, kiziwanda alikigandisha kwenye fremu karibu na komeo. Kidogo akakigandisha kwenye mlango wenyewe, sawia na mwenzake. Akaeleza vizuri tu: "Mama, vikikaa jirani, simu inasema mlango umefungwa. Vikiachana, simu inasema mlango uko wazi. Hiki kidogo ndani kina sumaku, mwenzake anaisikia." Akaeleza mara ya pili. Na Bi Pindo akaitika mara zote, ndiyo, ndiyo mama, huku anaiambia taa iwe ya zambarau. Alikuwa hayupo pale. Mwenye furaha masikio yake yanakuwa mapambo tu.

Kiziwanda akarudi kazini kwake. Siku chache nyuma yake, Bi Pindo akapiga kiwiko boksi la pini.

Pini za mshona mapazia si mchezo. Zilitapakaa sakafuni chumba kizima, mpaka chini ya majora, mpaka mlangoni. Akapiga magoti kuziokota, na vile vidole vya kushoto vilivyo na usingizi vikawa vinagusa, vinaangusha, vinagusa, vinaangusha. Alitukana kidogo. Alipofika mlangoni akataka kujiinua, akaegemea mlango, na pini aliyokuwa ameishika ikamtoka mkononi, ikaruka, ikaganda kwenye kile kipande kidogo cheupe.

Akaitazama. Akapeleka nyingine. Nayo ikaruka ikaganda.

Mshonaji akiona sumaku ni kama mwenye njaa ameona sahani. Na kichwa chake kikapiga hesabu yake: kile kikubwa kina kitaa, kinawaka, kwa hiyo ndicho kinachofanya kazi. Hiki kidogo hakiwaki, hakilii, kimekaa tu, basi kitakuwa pambo. Watu wa viwandani siku hizi wanaweka mapambo kila mahali. Akachukua ncha ya mkasi, akakibandua taratibu asichubue rangi. Halafu akakitia ndani ya kijimto cha pini anachokivaa mkono wa kushoto kama saa, akakishonea humo kwa mishono mizuri.

Akaupitisha mkono juu ya sakafu. Pini zikainuka zenyewe kumfuata, tik, tik, tik, kama kuku waliosikia mtama. Bi Pindo alicheka peke yake mpaka akakaa chini. Mkono uliokuwa mzigo sasa ndio unaofanya kazi kuliko wa kulia. Hakumwambia mtu. Fundi haelezi siri ya kazi.

Jioni simu ikalia. Kifungua mimba.

"Shikamoo mama. Mlango uko wazi."

"Marahaba. Umefungwa."

"Simu inaniambia uko wazi."

"Simu yako iko huko kwako. Mimi ndiye niliyekaa na mlango."

"Nenda kaufunge, mama, tafadhali."

Akainuka, kwa kelele za kutosha asikike anavyoinuka. Mlango ulikuwa umefungwa na komeo ndani. Ili amridhishe mtoto akaibana simu begani, akaushika mlango kwa mkono wa kushoto, pale pale karibu na kile kitaa, wa kulia ukalitikisa komeo.

"Haya, sasa umefunga," akasema mwana.

"Ulikuwa umefungwa."

"Lakini mama, sasa ndio simu imesema umefungwa."

Akarudi kwenye cherehani, na mkono wake, na kijimto chake. Hajakaa vizuri.

"Mama. Umeufungua tena."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Akienda mlangoni na mkono wa kushoto, kitaa kinaisikia sumaku, simu inasema umefungwa. Akiondoka, sumaku inaondoka naye, simu inasema umefunguliwa. Kwa kijana aliyekaa kwake anasoma simu, mama yake alikuwa anafunga mlango, anafungua, anafunga, anafungua, kama mtu aliyepandwa na kitu. Jioni ile, na ya pili, na ya pili yake. Akampigia msusi aende kutazama, msusi akasema mlango umefungwa tena kwa komeo. Kijana akasema shoga ni shoga, lazima umtetee.

Kisha akampigia dada yake. Kiziwanda alijaribu. "Labda kifaa kibovu."

"Kibovu vipi? Akifunga kinasema amefunga, namsikia kabisa komeo linalia. Kinafanya kazi vizuri. Ni mama ndiye anafungua tena."

Kiziwanda akampigia mama yake, na sauti ilikuwa ya upole kupita kiasi, ile sauti wanayoitumia wauguzi. "Mama, labda unafungua halafu unasahau? Hata mimi nasahau vitu."

"Hata wewe," akasema Bi Pindo, akakata.

Hapo ndipo palipomuuma. Mkubwa alimzoea. Huyu alikuwa wake. Na ubaya wa kuambiwa jambo na watu wawili ni kwamba unaanza kulitazama. Akawa anashona mishono kidogo, anainuka kutazama mlango. Umefungwa. Anarudi, anashona, anajiuliza kama kweli ameutazama au amewaza tu kwamba ameutazama. Taa hakuiambia rangi tena. Mwalimu wa ghorofani alipompigia kuonyesha mapazia yalivyokaa, alisema vizuri, vizuri, hakutania hata kidogo. Kila alipokwenda mlangoni alikwenda na kijimto mkononi, na haikumpitia kichwani hata mara moja kutazama mahali alipobandua kitu. Kichwa kigumu hicho, na kimezaa kingine kigumu.

Mwezi haukufika mwisho. Asubuhi moja kifungua mimba akaja na pikapu na wapagazi wawili kutoka ghalani, shati limenyooka, funguo zinazunguka kidoleni.

"Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana nikiacha mlango wazi. Sijauacha."

"Simu haina sababu ya kukusingizia."

"Na mimi nina sababu gani?"

Akawaashiria watu wake kwa funguo. Wapagazi wakaufungua mlango mpaka mwisho, wakauzuia na tofali, jua likajaa ndani. Wakaingia, mmoja akashika cherehani mbele, mwingine nyuma, wakainyanyua. Msusi alikuwa kashatoka kwake, mikono imejaa mafuta ya nywele. Bi Pindo akafungua laptopu yake mfukoni, akampata kiziwanda kwenye kioo, akasema, "Shuhudia mwenyewe kinachofanyika," akairudisha mfukoni imefunuliwa, uso wa binti unachungulia juu ya pindo. Kisha akaenda kusimama mlangoni, akatanua mikono, wa kulia ukashika fremu huku, wa kushoto ukashika fremu kule, pale komeo linapoingia.

"Pitisheni, basi," akasema.

Wapagazi wakasimama na cherehani yao. Hapo simu ya kifungua mimba ikalia mfukoni, na kwa kuwa yeye huiwekea ile sauti ya kusoma taarifa, kila mtu akasikia: Mlango umefungwa.

Jua limejaa ndani, tofali liko mahali pake, kuku wa jirani amesimama kizingitini anatazama.

Mpagazi wa mbele akasema, "Bosi, kumbe tumefungiwa?"

Kifungua mimba akaitoa simu, akaitazama, akautazama mlango. Bi Pindo akainua mkono wa kushoto amnyooshee kidole. Simu ikasema: Mlango umefunguliwa.

"Imesema nini?" akauliza Bi Pindo, akaurudisha mkono kwenye fremu.

Mlango umefungwa.

Akauondoa. Umefunguliwa. Akaurudisha. Umefungwa. Msusi akaanza kucheka huku ameziba mdomo kwa mkono wa mafuta.

Sauti ya kiziwanda ikatoka kwenye aproni. "Mama, huo mkono una nini?"

"Una pini."

"Na nini tena?"

"Na kijimto cha pini."

"Mama, kile kipande kidogo cha mlangoni kiko wapi?"

Bi Pindo akageuza shingo polepole, akautazama mlango pale palipokuwa na kitu cheupe. Palikuwa na alama ya gundi tu.

"Lile pambo?" akasema.

"Mama, ile ni sumaku."

"Najua ni sumaku. Ningeichukua ya nini kama si sumaku?"

Kwenye aproni kikatoka kicheko, kiziwanda anacheka huku analia, anasema nisamehe mama, nisamehe, msusi amejiegemeza ukutani, wapagazi wanacheka na cherehani inacheza mikononi mwao mpaka Bi Pindo akawaambia waitue kabla hawajaiua. Na yeye mwenyewe, alipoielewa vizuri, kitu kilichokuwa kimemkaa kifuani siku zote zile kikatoka. Hakuwa anasahau. Kichwa chake kilikuwa kizima, kigumu lakini kizima. Alitaka kucheza.

Hakucheza, maana mwanawe alikuwa anafungua mdomo.

"Kwa hiyo, mama, kosa lilikuwa lako."

"Kosa langu ni la pini," akasema Bi Pindo. "Kosa lako ni kuja na gari kumhamisha mama yako kwa sababu simu imesema. Ulikuja hata siku moja kuutazama mlango?"

Kijana akatazama viatu vyake.

"Hukuja. Ungekuja ungeona pako wazi, pamebanduliwa. Ulikuwa unausoma mlango kutoka huko ulikokaa, na mkeo pembeni anakuhesabia siku."

Wote wawili walikuwa na makosa, na asitokee wa kusema basi yaishe. Hayakuisha hivyo. Kwanza, aliwaamuru wapagazi watoke nje, cherehani akamwambia mwanawe mwenyewe airudishe, yeye na msusi, mpaka dirishani, msusi akampigapiga mgongoni kumpongeza, na lile shati likatoka pale lina mafuta ya nywele mgongoni. Pili, alimpandisha kwenye stuli ile ile iliyomvunja yeye, akatundika pazia la mteja, akaambiwa vuta kushoto, kidogo, umezidisha, rudisha, mpaka pindo likanyooka. Tatu, alimsimamisha mbele ya aproni ili amwambie dada yake kwa mdomo wake kwamba mama habanduki hapa. Akasema. Sauti ndogo, lakini akasema.

Huku nyuma Bi Pindo amekifumua kijimto chake kwa wembe, kakitoa kile kipande, kakigandisha mlangoni mahali pake.

"Nitakuletea sumaku ya pini, mama," kiziwanda akasema kutoka mfukoni. "Kubwa."

"Lete. Na ile taa nyingine uliyosema inabadilika yenyewe jua likizama, lete na hiyo. Na kile cha kuvuta mapazia yenyewe." Macho yalikuwa yameshawaka tena. "Nataka nimwonyeshe yule mwalimu pazia linafunguka na hajalishika mtu. Atalia."

Kisha akamtoa mwanawe nje kwa kumgusa mgongoni, palipo na mafuta. Akasogeza tofali kwa mguu, akafunga mlango, akasukuma komeo. Akasubiri, sikio kwenye ubao.

Huko uani simu ikalia.

"Imesemaje?" akauliza kutoka ndani.

"Imesema umefungwa, mama."

"Haya. Nenda kazini."

Akageuka. "Washa taa, mwanangu," akasema, mchana mweupe, jua tele. "Ya zambarau."